Mganga Yupi? Mgonjwa wa Saratani wa Mbuba na Daktari wa Kuaminiwa

Katika Kiswahili cha serikali ya Tanzania, mkuu wa madaktari wote nchini huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Chini yake wapo waganga wakuu wa mikoa na wa wilaya, na kila zahanati, hata ile yenye vyumba vitatu na nesi mmoja, huongozwa na mganga mfawidhi. Neno hilohilo hubebwa pia na mzee anayechemsha mizizi nyuma ya nyumba yake, na hata na mtu aliyebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme akidai kutibu pumu, kisukari, upungufu wa nguvu za kiume na kansa kwa namba moja ya simu. Lugha haikuwatenganisha watu hawa. Imemwachia mgonjwa kazi hiyo.

Katika kata ya Mbuba, wilayani Ngara, kazi hiyo si nyepesi. Hapa ni nchi ya vilima na migomba, ya kahawa, maharage na mahindi, mahali ambapo Kihangaza na Kishubi husikika kabla ya Kiswahili, na ambapo mipaka ya Rwanda na Burundi iko karibu kuliko makao makuu ya mkoa huko Bukoba. Mama anayejipapasa asubuhi akakuta uvimbe kwenye titi ana milango mingi mbele yake. Lipo duka la dawa muhimu, ipo zahanati, yupo mganga wa tiba asili, yupo mhubiri wa kuombea wagonjwa. Mbele kidogo zipo hospitali za misheni za Murgwanza na Rulenge, ipo hospitali ya wilaya Nyamiaga, na upande wa pili ipo Biharamulo. Kila mlango una mtu anayeitwa daktari, kwa kuwa kijijini hata muuza dawa huitikia jina hilo bila kusita.

Saratani nayo haisaidii katika uchaguzi. Malaria humlaza mtu siku ileile na kumtuma yenyewe zahanati. Uvimbe wa titi unaweza kukaa miezi bila kuuma, na jambo lisilouma katika nyumba ya mkulima hungoja mavuno yapite. Jina la ugonjwa lenyewe limetokana na kiumbe asiyekwenda mbele. Saratani kwa Kiarabu ni kaa wa baharini, kama ilivyo maana ya neno la Kilatini lililozaa kansa, kwa kuwa matabibu wa kale wa Wayunani waliona mishipa iliyotuna kuzunguka uvimbe ikafanana na miguu ya mnyama huyo.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000, na karibu 27,000 walifariki dunia. Takribani robo ya wagonjwa hao wapya walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao dalili zake za awali huweza kugunduliwa na nesi mwenye taa, pamba na siki. Hata hivyo walio wengi hufika katika hospitali kubwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Kati ya siku uvimbe ulipoonekana na siku mgonjwa alipofika kwa bingwa kuna miezi mingi, na miezi hiyo ina watu ndani yake: yupo aliyempa dawa ya kupaka, yupo aliyesema ni jipu, yupo aliyeshuku jambo lakini akaogopa kulitaja. Habari ya kumtafuta daktari wa kuaminiwa ni habari ya miezi hiyo.

Ndugu wa mgonjwa huuliza, "Bingwa wa saratani ni nani, na yuko wapi?" Swali hilo lina jibu jepesi: mabingwa wako Mwanza, Moshi na Dar es Salaam. Lakini bingwa humwona mgonjwa aliyefikishwa kwake. Anayeamua kama mgonjwa atafikishwa, na lini, ni tabibu wa mlango wa kwanza. Kwa mkazi wa Mbuba, basi, daktari wa kuaminiwa halazimiki kuwa bingwa. Ni yule anayejua mahali ujuzi wake unapoishia, akasema hivyo waziwazi, na akaandika barua ya rufaa kabla wakati haujapita.

Mlango wa kwanza

Uaminifu huonekana kwanza mikononi. Mama amesema ana uvimbe. Tabibu mwaminifu hamwandikii dawa akiwa bado amefunga kanga yake. Humwomba ruhusa, huvuta pazia, humwita nesi wa kike asimame karibu, kisha hupapasa matiti yote mawili na makwapa yote mawili, kwa kuwa uvimbe wa kwapani hueleza habari ambayo titi limeficha. Mwanamke anayelalamika kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au miaka baada ya hedhi kukoma, hapaswi kutoka chumbani bila mlango wake wa kizazi kuangaliwa kwa macho. Mzee anayesema ugali unakwama kifuani, kisha hata uji ukaanza kukwama, hana haja ya chupa ya tatu ya dawa ya vidonda vya tumbo. Ana haja ya kuchunguzwa umio, kwa sababu Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya kiungo hicho. Mtoto ambaye mboni yake hung'aa nyeupe kama jicho la paka lililomulikwa, au taya lake linavimba huku meno yakilegea, hapaswi kungoja hata wiki.

Dawa ya kwanza ya antibiotiki si kosa. Uvimbe mwingi wa Mbuba, kama wa kwingineko, si saratani, na tabibu anayemtisha kila mwenye jipu hafai pia. Jambo la kupima ni ziara ya pili. Uvimbe usiopungua ndani ya wiki mbili au tatu za dawa umekwisha kusema kitu, na tabibu anayeubadilishia dawa nyingine, halafu nyingine tena, anajibu swali ambalo hakuulizwa. Mithali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua huelekezwa kwa wagonjwa siku zote. Ingefaa ibandikwe pia juu ya meza ya tabibu, kwa kuwa mara nyingine anayeficha maradhi ni yeye, na anachokificha ni kwamba hayajui.

Mgonjwa naye anaruhusiwa kuuliza, na maswali yake hayahitaji elimu ya juu. Daktari, umeona nini? Unafikiri ni nini, na inaweza kuwa nini kingine? Utajuaje? Majibu yatarudi lini, na nitayafuata kwa nani? Yasipokuwa mazuri utanipeleka wapi? Daktari anayekasirishwa na maswali haya amejitambulisha. Anayejibu, "Mama, huu uvimbe sina uhakika nao, ndiyo maana nataka wenzangu wa Murgwanza wauone wiki hii," amesema maneno ambayo familia nyingi huyachukulia kuwa ni udhaifu. Yanastahili kusikika kinyume chake.

Upo pia uchunguzi wa karatasi, na haumvunjii mtu heshima. Daktari anayefanya kazi Tanzania Bara hana budi kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kuwa na leseni iliyo hai, chini ya sheria ya mwaka 2017. Mganga wa tiba asili naye anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kituo binafsi chenye usajili huutundika ukutani. Karatasi hizo hazithibitishi wema wa mtu, lakini asiyekuwa nazo ameondoa haja ya kuendelea kumchunguza.

Kinyama kwenye chupa

Hakuna mtu awezaye kuthibitisha saratani ya titi kwa kuitazama, na bingwa aliyeitazama elfu moja ndiye wa kwanza kukiri hivyo. Ugonjwa huthibitishwa kwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, ambacho wagonjwa hukiita kinyama, kinachokatwa au kuchomolewa kwa sindano, kikatiwa ndani ya chupa yenye fomalini, kikaandikwa jina na tarehe, kikapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia anayekikata vipande vyembamba mno na kuvitazama kwa darubini. Bila hatua hii hakuna ajuaye aina ya saratani, na bila kujua aina hakuna ajuaye dawa. Saratani ya titi inayolishwa na homoni na ile isiyolishwa nazo huonekana sawa kwa macho na hutibiwa tofauti kabisa.

Hapa ndipo penye kipimo kikali kuliko vyote cha uaminifu wa mpasuaji wa wilayani. Uvimbe ukiondolewa na kutupwa ndooni, mgonjwa hurudi Mbuba na kidonda kilichopona vizuri na furaha ya miezi sita, halafu uvimbe hurudi ukiwa na wenzake, na hakuna karatasi ya kumwambia bingwa ulikuwa nini. Kila kinachokatwa mwilini kwa kushukiwa kinastahili chupa yake. Familia inayoulizwa kulipia uchunguzi wa patholojia aghalabu huona ni gharama ya ziada, kwa kuwa uvimbe "umeshatolewa." Daktari mwaminifu hulieleza jambo hili kabla ya kisu, wakati fedha haijagawanywa bado, na huiambia familia kwamba majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Kisha huandika namba ya simu ya ndugu anayepatikana, siyo ya mgonjwa peke yake, kwa kuwa simu ya mama wa kijijini ni simu ya nyumba nzima na chaji yake haina uhakika.

Wapo wanaoogopa kwamba kuuchoma uvimbe kwa sindano huuamsha na kuusambaza. Hofu hiyo husikika kila mahali nchini, na imewapotezea watu wengi wakati kuliko foleni ya hospitali. Sindano ya uchunguzi inayochomwa na mtu aliyefundishwa haibadilishi mwendo wa saratani ya titi. Ucheleweshaji huubadilisha.

Sifa na uaminifu

Mkoa huu una kumbukumbu ya zamani kuhusu tofauti kati ya daktari mwenye sifa na daktari wa kuaminiwa. Mwaka 1906, Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, alikuja kwenye Ziwa Viktoria kutafuta dawa ya malale. Alipiga kambi katika visiwa vya Sese upande wa Uganda, na kambi nyingine ikafunguliwa Kigarama, katika nchi ya Kiziba, kaskazini mwa Bukoba. Dawa yake, atoksili, ilikuwa na aseniki ndani yake. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, nafuu ikapita, kipimo cha dawa kikaongezwa, na zaidi ya wagonjwa ishirini wakapofuka macho. Watu walianza kutoroka kambini. Hakuna daktari aliyekuwa na jina kubwa kuliko lake duniani wakati ule, na hakuna mgonjwa aliyeulizwa kama anakubali sindano kubwa zaidi.

Miaka hamsini baadaye, ng'ambo ya ziwa hilohilo, alikuwapo daktari wa namna nyingine. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mtu asiyejulikana nje ya Uganda. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, akashindwa kueleza kilichompata. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja. Badala ya kutunga jina la kujikinga nalo, alianza kuuliza. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akaandikia hospitali za misheni barani kote akiwauliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo, na mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari moja kuukuu kwa takribani maili 10,000, kutoka Uganda kupita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi. Hivyo ndivyo ulivyojulikana ugonjwa unaobeba jina lake hadi leo, ambao huwapata hasa watoto wa maeneo ya joto yenye malaria nyingi, Kanda ya Ziwa ikiwamo. Mwaka 1967 Kampala ikapata taasisi yake ya saratani, na watoto ambao zamani walirudishwa nyumbani kufa wakaanza kupona kwa dawa.

Mtoto wa Mbuba mwenye taya lililovimba leo ananufaika na mtu aliyekubali kusema "sijui" kisha akapanda gari kwenda kuuliza.

Kikombe na foleni

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba wagonjwa hudanganywa kwa kuwa hawana elimu. Mambo ya mwaka 2011 hayakubaliani na maelezo hayo. Mwaka huo, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila aliwanywesha watu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema kwamba kinaponya maradhi sugu, kansa miongoni mwao. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Walikwenda wakulima, wafanyabiashara, viongozi wa juu na wasomi. Walitoka Kenya na hata mbali zaidi. Wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Mwasapila alifariki mwaka 2021, na saratani bado ipo.

Kilichowavuta watu kinastahili kusomwa kwa makini na kila anayevaa koti jeupe. Bei ya kikombe ilijulikana, na ilikuwa moja kwa tajiri na maskini. Mgonjwa alimwona mwenye dawa uso kwa uso. Hakuambiwa arudi wiki ijayo kwa kuwa mashine ni mbovu. Hakuna aliyemfokea. Hospitali ilikuwa na dawa, kikombe kilikuwa na adabu, na watu waliifuata adabu. Daktari anayetaka kuaminiwa kuliko kikombe hawezi kuyashinda hayo kwa kucheka.

Wafanyabiashara wa leo wamelijua somo hilo kuliko hospitali. Wanawafuata wagonjwa minadani na makanisani wakiwa na makopo ya virutubisho na kimashine kinachoshikwa kiganjani, kinachotoa kwa dakika moja orodha ya maradhi ya mwili mzima. Hakuna mashine ya kushikwa mkononi inayoweza kutambua saratani. Mashine hiyo haipo Mbuba wala Marekani. Makopo yake hugharimu mbuzi, baadaye ng'ombe, na yule anayeyauza huwa na jina la daktari kwenye fulana. Dalili moja humtosha mgonjwa: mtu anayeahidi kuponya kabla hajaona majibu ya kinyama, tena anayemkataza asiende hospitali akiwa bado na dozi, si wa kufuatwa, awe amevaa ngozi au koti jeupe.

Tiba asili yenyewe isiwe sababu ya kugombana. Wagonjwa wengi wa saratani hutumia miti shamba pamoja na dawa za hospitali, na karibu wote humficha daktari, kwa sababu mara ya kwanza walipotaja walifokewa. Daktari mwaminifu huuliza kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza juu ya chakula, kwa kuwa baadhi ya mizizi huumiza ini na figo ambazo tayari zimebebeshwa dawa kali. Akishafoka mara moja hataambiwa tena, na atabaki akishangaa ini la mgonjwa wake.

Barabara, ng'ombe na wiki tano

Kutoka Ngara kwenda Mwanza basi hupita Biharamulo na Geita. Zamani safari ilisimama kwenye maji ikingoja kivuko. Tangu Juni 2025 magari huvuka kwa daraja la kilomita 3 kati ya Busisi na Kigongo. Juu ya kilima jijini Mwanza ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya saratani na tiba ya mionzi. Chato, jirani na Biharamulo, nayo imepata hospitali ya rufaa ya kanda. Ni hatua kubwa ikilinganishwa na miaka ambayo kila mgonjwa wa mionzi alipaswa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200.

Barua ya rufaa isiyoeleza safari ni nusu ya barua. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akipelekwa kwenye mionzi, kwa kawaida hupigwa mionzi siku tano kwa wiki kwa muda wa takribani wiki tano, kisha hufuata mionzi ya ndani. Wiki tano ni msimu mzima wa palizi. Zinahitaji mahali pa kulala mjini, mtu wa kumsindikiza, na mtu wa kubaki na watoto. Familia isiyoambiwa huuza mbuzi wa nauli, hufika, huambiwa idadi ya siku, hurudi nyumbani "kujipanga," na wengi katika hao hawaonekani tena. Familia iliyoambiwa mapema huuza ng'ombe mara moja, huulizia ndugu wa Mwanza, huuliza kuhusu bima na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, na hukaa hadi mwisho. Tofauti kati ya familia hizo mbili ni mazungumzo ya nusu saa, na mazungumzo hayo hayahitaji bingwa wala mashine.

Nani aambiwe

Katika nyumba nyingi za Kagera habari mbaya humpitia mwana mkubwa wa kiume au kaka wa mgonjwa. Daktari humvuta kando, humnong'oneza, kisha mgonjwa huambiwa kwamba ana "uvimbe kidogo." Nia ni huruma. Matokeo yake ni kwamba mwenye mwili hukataa kukatwa titi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayekubali kukatwa titi kwa ajili ya uvimbe kidogo. Njia ya staha ipo, nayo ni kumwuliza mgonjwa mwenyewe: "Mama, majibu yako yamerudi. Ungependa nikueleze wewe, au niwaeleze pamoja na mwanao?" Wapo watakaosema waelezwe wana wao. Ni haki yao, mradi wameulizwa.

Ukweli una sehemu yake nyingine ngumu, kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kuenea. Hapo maneno "hatuna la kufanya" husikika mara nyingi, na si ya kweli. Maumivu ya saratani yana dawa, nayo ni mofini ya kunywa, unga unaoyeyushwa katika maji na kupimwa kwa kijiko au bomba la sindano kila baada ya saa nne. Daktari Anne Merriman aliipeleka Uganda mwaka 1993 alipoanzisha Hospice Africa, na nchini Tanzania Ocean Road imekuwa chanzo cha dawa hiyo kwa hospitali nyingine. Haimwui mgonjwa ikitolewa kwa kipimo kinachofaa, wala haimgeuzi mlevi. Hufunga choo, na ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Daktari anayeendelea kuandika panadoli kwa mtu anayelia usiku kucha, kwa kuwa anaiogopa mofini au anaogopa makaratasi yake, anapaswa kuulizwa swali hilo na ndugu, kwa upole na kwa kurudia.

Kisha mgonjwa hurudi Mbuba, na hapo mlango wa kwanza huwa mlango wa mwisho pia. Anayetibiwa kwa dawa za saratani za dripu kwa kawaida hupewa dozi kila baada ya siku 21, na katikati ya siku hizo, hasa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, chembe nyeupe za damu yake hupungua sana. Akipata homa ya nyuzi 38 siku hizo hapaswi kupewa dawa ya mseto ya malaria na kuambiwa alale. Apimwe malaria, naam, lakini apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye antibiotiki za mshipa, kwa kuwa maambukizi yanaweza kumwua kabla ya kesho kutwa. Tabibu wa zahanati hawezi kulijua hili kwa kumtazama usoni. Analijua ikiwa Mwanza wamejaza sehemu ya majibu katika fomu ya rufaa, ile ambayo mara nyingi hurudi tupu, au ikiwa mgonjwa amebeba daftari lake lenye jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dozi iliyopita na namba ya simu ya wodi. Zipo zahanati ambako nesi hulichukua daftari hilo, huhesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, na kuandika katika rejesta yake siku ambayo mgonjwa huyo anapaswa kuwa njiani tena kuelekea Mwanza.